Dema la chuma linalojua kuachia: jibu kwa fundi wa Pasua

Swali limetoka kwa fundi wa kuchomelea mwenye karakana Pasua, hapa Moshi. Nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Kikundi cha wavuvi wa Pangani kimenipa oda ya madema ya chuma ya kunasia kaa mikokoni. Wanataka kitu imara, kisichooza kama madema yao ya fito. Lakini mmoja wao ananiambia madema wanayotumia sasa yanawaletea kaa wadogo wengi, samaki wasiouzika, na safari moja walimkuta kenge amekufa ndani. Nimeona kwenye simu picha za Marekani, wanafunga fremu ndogo ya waya mlangoni ili kobe wasiingie. Je, niwawekee hiyo? Vipimo viwe vipi, na nifanyeje dema lisipoteze kaa wakubwa?"

Marahaba, fundi. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujakata nondo, kwa sababu sehemu kubwa ya hasara ya madema huamuliwa karakanani. Mvuvi akishalivuta dema hadi kwenye mtumbwi, viumbe waliomo wameshapigana usiku kucha, wengine wamepoteza magando, na waliokuwa wakihitaji hewa wameshakufa. Kumrudisha majini kaa mdogo asiye na miguu mitatu ni jambo jema, ila limechelewa. Kuchagua nani abaki na nani aende kunatakiwa kufanyika chini ya maji, dema likiwa limekaa, na mwenye uwezo wa kulifanya dema lichague ni wewe uliyeshika mashine.

Nianze na fremu ya Marekani, maana ukiichukua kama ilivyo utawaharibia kazi.

Ile fremu ilitengenezwa kwa ajili ya madema ya kaa wa buluu, Callinectes sapidus, kwenye maji kama ya ghuba ya Chesapeake. Huko anaishi kobe wa maji ya chumvichumvi ambaye hukaa kwenye vinamasi vya pwani. Anavutwa na chambo, anaingia, hapati njia ya kutoka, anakosa hewa na kufa. Katika jimbo la Maryland, wakazi wa ufukweni wanaotega madema kwenye gati zao wanatakiwa kuweka kila mlangoni fremu isiyozidi inchi 1¾ kwa 4¾, yaani kama sentimita 4.5 kwa 12. Kaa wa buluu ni bapa, anapita hapo ubavu bila shida. Kobe ana mgongo ulioinuka, anakwama nje. Ni ufundi mzuri sana, na umeokoa kobe wengi.

Kaa wa wateja wako ni mwingine. Kaa koko wa mikokoni, Scylla serrata, huweza kupita kilo mbili, ana kifua kinene na magando mazito. Mlango wenye kimo cha sentimita 4.5 utamfungia nje yule yule ambaye kikundi kinamtafuta ili kimuuze kwa mahoteli, na utawaruhusu wadogo peke yao. Chukua wazo, uache kipimo. Wazo ni kwamba umbo la mlango linaweza kumruhusu mnyama mmoja na kumzuia mwingine, mradi mlango uwe mgumu. Mlango wa nyuzi hunyumbulika, na mnyama mwenye nguvu hujipenyeza. Mlango wa nondo hubaki ulivyo.

Kipimo chako kipate hukohuko Pangani. Waombe wampime kaa mkubwa kuliko wote wanaowapata: unene wake kutoka tumboni hadi juu ya gamba akiwa amekunja magando, na urefu wa gamba kutoka machoni hadi nyuma. Ongeza sentimita mbili kila upande, kisha usiongeze tena. Utapata mlango mpana ulio mfupi kwenda juu, na hilo ndilo umbo unalolitaka. Kasa mchanga mwenye mgongo wa mviringo ataukuta mfupi kwake, na chewa aliyeshiba vilevile. Kenge sitakudanganya: mwili wake ni mwembamba na mrefu, wengine watapita tu. Kwake yeye dawa ni mahali dema linapotegwa, nitafika hapo. Sakafu ya kupandia kuelekea mlangoni ifanye ya wavu, maana kwenye bati laini kaa huteleza na kurudi alikotoka.

Sasa njia ya kutokea, ambayo hukuiuliza, nami naona ni muhimu kuliko mlango wa kuingilia.

Kaa huenda ubavu. Kwa hiyo anapojipenyeza kwenye mwanya, upana wa gamba lake, ule ambao wavuvi na wanunuzi wote wanaupima, haugusi kitu. Kinachopita kwenye mwanya ni vipimo viwili vingine: urefu wa gamba kutoka mbele kwenda nyuma, na unene wa mwili. Ndiyo maana matundu ya mraba ya inchi mbili kwenye kuta za dema hayamwachii kaa mdogo hata kama yanaonekana makubwa. Samaki wadogo watapita, yeye atazuiwa na urefu wa gamba. Anahitaji mwanya wa mstatili uliolala: mpana wa kutosha urefu wa gamba lake, wenye kimo kinachoruhusu mwili mwembamba na kuzuia mnene. Kimo ndicho kinachoamua. Ukikosea nusu sentimita kwenye upana, halijaharibika jambo. Ukikosea nusu sentimita kwenye kimo, umebadilisha ukubwa wa kaa wote watakaobaki.

Queensland, Australia, wanamvua kaa huyuhuyu kwa madema, na mwanya unaotumika kule ni wa sentimita 12 kwa 5. Usiukimbilie. Sheria yao inamruhusu mvuvi kuchukua kaa dume peke yake, mwenye gamba la upana wa sentimita 15 au zaidi, na mwanya wao umelengwa hapo. Kikundi cha Pangani kitakuwa na ukubwa wake, kulingana na afisa uvuvi wao na soko lao. Wakikubaliana kwamba hawataki kaa chini ya upana fulani, mwanya ufuate makubaliano hayo. Ninachowasihi ni wasishuke chini ya ukubwa ambao jike hupevuka. Kwa kaa koko hutofautiana mahali na mahali, kati ya sentimita 10 na 14 za upana wa gamba, na kaa aliyenaswa kabla ya hapo hajawahi kuzaa hata mara moja.

Fanya hivi. Chukua kipande cha bati nene, ukate mianya minne mistatili, yote ya upana wa sentimita 12, lakini vimo tofauti: 4, 4.5, 5 na 5.5. Piga tupa kingo zote. Andika namba pembeni kwa rangi, umpe kondakta wa basi la Tanga awafikishie. Wavuvi wachukue kaa wa ukubwa mbalimbali waliofungwa magando, wawapitishe ubavu kwenye kila mwanya, na waandike ni upana gani wa gamba uligoma kupita wapi. Asubuhi moja ya kazi hiyo itakupa kipimo cha kaa wa Pangani, na hakuna karatasi ya Marekani wala ya Australia inayoweza kukupa hicho. Tena watakuwa wamekipata wenyewe, kwa mikono yao. Mvuvi aliyepimiwa na mtu wa bara huziba mwanya kwa waya siku ya pili. Aliyepima mwenyewe huutunza.

Mianya iwe miwili au zaidi kwa kila dema, pande tofauti. Kaa mkubwa akishaingia huchagua kona na kuilinda, na kama mwanya pekee uko kwenye kona yake, wadogo hawatathubutu kusogea. Iweke chini, kiasi cha vidole viwili juu ya sakafu, kwa sababu kaa aliyenaswa hutembea akipapasa kuta kwa chini. Ukikutana na maelezo ya watu wa pwani ya magharibi ya Marekani yanayosema mwanya uwe nusu ya juu, hayo ni kweli kwao: jimbo la Washington linataka pete mbili za inchi 4¼ sehemu ya juu ya dema. Kaa wao ni mwingine na madema yao hukaa kwenye mchanga ulio wazi. Pangani dema litazama kidogo kwenye tope, hivyo vidole viwili visiwe kimoja.

Najua swali litakalofuata kutoka kwa kikundi: tukiwafungulia wadogo, hatuwapotezi na wakubwa? Mwanya ukiwa na kimo sahihi, mkubwa hawezi kupita hata akitaka. Na dema lisilojaa wadogo lina chambo kinachodumu na nafasi kwa wakubwa kuingia. Kaa koko ni wakali wakifungiwa pamoja. Hukatana magando, na aliyetoka kujivua gamba, akiwa bado laini, huliwa na wenzake. Kaa asiye na gando mnunuzi wa Arusha anamshusha bei au anamkataa kabisa. Kwa hiyo kumfungulia mdogo ni kumlinda mkubwa uliyemtaka.

Wavu wa kuta nao usiwe ule wa banda la kuku. Nyuzi zake ni nyembamba, hukata miguu ya kaa, na matundu yake hushika hata vidagaa. Tumia wavu wa chuma wa matundu ya mraba ya inchi mbili, uliopakwa zinki au plastiki. Kila ncha ya waya iliyobaki ndani ipige grenda. Na ukichomelea chuma chenye zinki, toka nje ya karakana, ukae upande unakotoka upepo: moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku ule.

Nakuja kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi kwenye oda yako.

Wamekuambia wanataka dema lisilooza. Nawaelewa, kusuka dema la fito ni kazi ya siku nyingi na maji hayalihurumii. Lakini kuoza kule kulikuwa na faida ambayo haionekani. Dema la fito likipotea, kamba ikikatika au mkondo ukilibeba, baada ya muda linabomoka na kuacha kunasa. Dema la chuma likipotea linaendelea kunasa. Kaa anaingia kufuata chambo, anakufa, mzoga wake unakuwa chambo cha mwingine, naye anaita wa tatu. Hakuna anayevuta, hakuna anayekula, na linaweza kuendelea hivyo mpaka kutu ilimalize. Umepewa kazi ya kutengeneza kitu cha kudumu, basi weka ndani yake sehemu moja isiyodumu.

Sehemu hiyo ni kamba ya katani, na Pangani iko mkoa wa Tanga, penye mkonge wa kutosha. Kata dirisha ubavuni mwa dema, juu kidogo ya katikati ili lisifukiwe na tope, kubwa kiasi cha kupitisha kaa mkubwa kuliko wote na kasa mchanga pia. Lifunike kwa kipande cha wavu chenye bawaba kwa chini, kilichotiwa uzito kidogo, na juu kifungwe kwa kamba moja ya katani, mzunguko mmoja, fundo moja. Dema likisahaulika majini, kamba inaoza, kipande kinaanguka chenyewe, na dema linabaki wazi. Jimbo la Washington nililolitaja linawalazimisha wavuvi kufanya jambo hili kwa uzi wa pamba au nyuzi nyingine za asili, kwa sababu hiyohiyo.

Angalia unachouziwa. Siku hizi kuna kamba za plastiki zenye rangi na manyoya ya katani kabisa. Choma ncha: ya plastiki huyeyuka na kuacha kitone kigumu, ya katani huungua kama karatasi na kuacha jivu. Iliyopakwa mafuta au lami iache, huchelewa kuoza. Unene gani ufungie, wavuvi wajaribu: wafunge vipande vya unene tofauti kwenye mzizi wa mkoko mahali maji yanapofika, kila kimoja kikining'iniza jiwe, wavitazame kila wiki. Wachague kinachokatika kikiwa kimevuka muda watakaojiwekea wa kufunga kamba mpya dirishani, bila kupitiliza sana. Na uwaambie wazi, tena mbele ya mwenyekiti wao, kwamba siku mtu atakapofunga dirisha lile kwa nailoni au kwa waya wa kufungia nondo ili asisumbuke, kazi yako yote pale imekwisha.

Yako mambo ambayo chuma hakiwezi kuyafanya, nawe usiyaahidi. Mwanya hautambui jike na dume. Anayetambua ni mkono wa mvuvi: amgeuze kaa, akiona mkia uliokunjwa tumboni ni mpana na wa mviringo, huyo ni jike, ukiwa mwembamba wenye ncha, ni dume. Majike ya kaa koko huondoka mikokoni kwenda kutaga baharini, ndiyo maana mwenye mayai huonekana mara chache kwenye madema ya ndani. Jike mkubwa anayenaswa mikokoni huenda yuko njiani kwenda huko, na kumrudisha ni kuwekeza kwenye msimu ujao. Kaa laini naye arudishwe, nyama yake bado ni maji.

Na kuna muda. Kaa koko hutembea zaidi usiku. Dema litegwe jioni, livutwe asubuhi, lisiachwe siku mbili kwa sababu mtu alikuwa na msiba au sherehe. Chambo kikishaisha, dema haliwaiti tena wakubwa. Waliomo wanaanza kulana. Kenge, fisi maji au kasa aliyeingia hana hata usiku mzima, pumzi yake huisha kabla ya kucha. Kwa hiyo sehemu za mto ambako wavuvi wanawaona wanyama hao mara kwa mara wazikwepe, au wategee kingoni, pale kina kinapokuwa kidogo kiasi kwamba sehemu ya juu ya dema hubaki nje ya maji hata yakijaa. Dema la kimo kirefu linafaa hapo, na mawili au matatu ya namna hiyo unaweza kuwatengenezea.

Kamba ya boya nayo inanasa. Tofauti ya kujaa na kupwa pwani ile huzidi mita tatu wakati wa bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, na mvuvi hukata kamba ndefu ili boya lisizame maji yakijaa. Yakipwa, kamba iliyozidi inaelea juu ikijizungusha, na hapo ndipo kasa hunaswa shingo na mapezi, na panga la injini hukata kamba na dema likapotea. Kifungwe kipande cha risasi katikati ya kamba ili sehemu iliyolegea izame. Uzito mdogo unatosha.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Uvuvi wao uko chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, na madema mapya wayapeleke kwa afisa uvuvi na kwa BMU yao, yaani kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni, kabla ya kuyashusha majini. Kaskazini ya mlango wa mto kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, na humo masharti ni ya hifadhi. Mikoko wasiikate kwa ajili ya vigingi. Wewe mwenyewe usishawishike kulijaribu dema Nyumba ya Mungu kwa kuwa ni karibu. Ni kweli maji ya Kikuletwa na Ruvu yanayokusanyika pale ndiyo yanayokwenda kutokea Pangani, lakini bwawani hakuna kaa koko. Utanasa perege wachanga, kambale na kobe wa maji, na utajipatia kesi.

Usitengeneze oda yote mara moja. Tengeneza manne: mawili yenye mianya, mawili ambayo mianya yake imefunikwa kwa kipande cha wavu kinachoweza kuondolewa. Yawe sawa kwa kila kitu kingine. Wayatege jirani, usiku mmoja, chambo kimoja, wakibadilishana sehemu kila siku ili mtu asiseme mahali ndipo palipopendelewa. Mmoja anayejua kuandika achore daftari: kaa wakubwa wangapi, wadogo wangapi, wenye magando pungufu wangapi, na kitu kingine chochote kilichoingia. Wafanye kuanzia maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hadi bamvu, na warudie mzunguko huo mara moja. Kisha unitumie picha ya daftari pamoja na vipimo vya mwanya uliokata, niviangalie kabla hujanunua chuma cha madema yaliyobaki.